Bluu ya Mlangoni

Kabla taa haijafungwa mlangoni pa chumba cha picha hospitalini, watu wa Lihangwe walikuwa wakifichana mambo kama binadamu wengine wote. Baada ya taa, mji mzima ulijua nani ana skrubu kwenye nyonga, nani alimeza sindano utotoni, na mzee gani mpole, msoma masomo kanisani, anatembea na kipande cha risasi begani ambacho hajawahi kukieleza. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Taa ilikusudiwa kuokoa watu, na iliwaokoa kweli. Kosa ni kwamba mbele yake palikuwa na benchi.

Osmunda Mapunda, mpiga picha wa chumba cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, alikuwa amelizoea benchi lile kama mtu anavyomzoea jirani mwenye redio ya kelele. Lilikaa mkabala na mlango wake, na asubuhi yoyote ungekuta watu saba au wanane wamelikalia, nusu yao wagonjwa, nusu yao wasindikizaji wa wagonjwa wasio wao. Kiongozi wa hao wa pili alikuwa Mama Kizito, ambaye afya yake ilikuwa ya chuma na udadisi wake vilevile.

"Leo nani wa kwanza?" Mama Kizito aliuliza asubuhi ile, akijifunga khanga vizuri kwa ajili ya baridi.

"Leo wa kwanza ni wewe kwenda nyumbani," Osmunda alimjibu, na benchi likacheka, na Mama Kizito akacheka kuliko wote, wala hakuinuka.

Rangi walikuwa wamezikariri wenyewe bila kufundishwa na mtu. Nyeupe: pita. Njano: umesahau funguo, mkanda, au pini ya nywele. Nyekundu: una chuma ndani ya nyama. Bluu: ndani yako kuna mashine inayofanya kazi, nayo mara nyingi ni kile kifaa kidogo kama kibiriti kinachowekwa chini ya mfupa wa bega ili kuukumbusha moyo kupiga. Katika fremu ya mlango kulikuwa na vihisio kumi na viwili, kila kimoja hakizidi punje ya mahindi, vilivyotengenezwa kwa nyuzi za kioo ili sumaku ya mashine isivichanganye. Vilimsikiliza kila aliyefika hatua tatu kutoka mlangoni, mgonjwa au mpita njia, kisha vikaipa taa rangi. Taa ilikuwa kubwa kama sinia, maana hata anayesukuma toroli mwisho wa korido alitakiwa aione.

Osmunda hakuhitaji kuelezwa faida yake. Mashine ile ni sumaku isiyolala. Hata isipopiga picha, inavuta. Miaka minne iliyopita, kabla ya taa, mhudumu mmoja alipita na mtungi wa oksijeni mlango ukiwa wazi, na mtungi ukamtoka mikononi, ukaruka, ukaenda kujibamiza ndani ya mashine, pale pale panapolala kichwa cha mtu. Kitanda kilikuwa kitupu. Osmunda alikuwa amemshusha mgonjwa wake dakika mbili kabla, na dakika zile mbili bado zilimjia akiwa anakoroga uji.

Lakini palikuwa na upande wa pili, nao ulikuwa na jina: Mwalimu Haule. Mwalimu alipita chini ya taa akiwa anapeleka fomu ya mwanafunzi, ikawaka bluu, na benchi likaona. Kabla ya mwezi kwisha wazazi walikuwa wameomba asiwapeleke tena watoto wao mlimani, kisha asiwafundishe michezo, kisha akahamishiwa stoo ya vitabu. Alimfuata Osmunda siku moja, bila hasira hata kidogo. "Binti," alimuuliza, "siku ile ulinipima au ulinitangaza?"

*

Saa nne, alipotoka mlango wa nyuma kunywa chai, alimkuta Mzee Kastori Ngonyani amesimama kando ya tangi la maji, kofia mkononi.

Alimfahamu. Nani asiyemfahamu Mzee Kastori, Mngoni aliyeoa mtani wake Mhehe, akaishi naye miaka hamsini na mbili wakitukanana kwa mapenzi kila uchao? Mkewe, Bibi Fotunata, ndiye aliyekuwa kwenye orodha ya leo. Mwaka wa pili sasa bibi alikuwa akisahau: kwanza majina, kisha njia ya kisimani, kisha miguu yenyewe ikaanza kusahau kutembea. Daktari bingwa aliyekuja kwa wiki moja alisema huenda ni maji yanayoubana ubongo, na maji hutolewa, na kumbukumbu huweza kurudi. Ila hampangii mtu upasuaji bila kuona picha, na kesho asubuhi anaondoka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kukukosea adabu, nisamehe mapema." Alifungua vifungo viwili vya shati. Chini ya mfupa wa bega la kushoto palikuwa na kovu fupi, na chini ya kovu ngozi imeinuka, mraba mdogo wenye kona za mviringo.

Osmunda aliweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Kabla ya mavuno. Nyumbani niliaga nakwenda kwa mdogo wangu."

"Bibi hajui?"

"Bibi, Betram, Dafrosa, hakuna anayejua." Akafunga vifungo. "Watoto wamekaa kikao, mjukuu wangu. Kikao chenyewe hawakuniita, lakini nyumba yangu ina kuta nyembamba. Wamesema ilimradi baba ana nguvu, mama abaki. Siku baba naye akiwa mgonjwa, mama atakwenda kwa Betram, pwani, na mimi nitakwenda kwa Dafrosa, ziwani. Kila mmoja mzigo wake. Si watoto wabaya. Wamegawana vizuri kabisa, kama kuku wa Krismasi."

"Babu, wewe ndani huingii. Vipo vifaa vya moyo vinavyovumilia sumaku, lakini hicho chako kwa umbo ni cha aina ya zamani, hakivumilii. Mwisho wako ni mlangoni."

"Najua. Lakini mlangoni ndipo taa ilipo. Na yule bila mkono wangu hatembei hata hatua moja. Betram amejaribu kumleta peke yake juzi, amepigwa kofi." Alitabasamu kidogo kwa kofi lile. "Nimemtuma Betram chai, hataki. Nimemtuma gazeti, hataki. Amekaa kwenye benchi anamsubiri mama yake. Sasa nimesikia hiyo taa ina namna ya kuzimwa."

Ilikuwa nayo. Kwenye meza ya Osmunda palikuwa na kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza, vihisio vinaendelea kusikiliza na kuandika kwenye skrini yake, ila taa ya korido inalala kwa dakika nne. Kanuni ilisema kitumike korido ikiwa tupu na mlango umefungwa. Hakuwahi kukitumia vinginevyo.

"Na ukianguka, babu?" aliuliza taratibu. "Usiku mmoja uanguke, na aliye kando yako ni mtu asiyekumbuka hata mlango uko wapi. Nani atamwita nani?"

Mzee Kastori aliigeuza kofia yake mkononi. "Hilo nimelifikiria," alisema. "Silipatii jibu. Lakini najua nikitengwa naye sitahitaji kuanguka." Na machoni hapakuwa na machozi, palikuwa na aibu tu, aibu ya mtu mzima anayeomba asichostahili kuomba.

Osmunda hakumwahidi kitu. Alirudi ndani bila kunywa chai, akimpenda mzee yule na kumkasirikia kwa kiasi kilekile.

*

Saa tano kamili wakatokea mwisho wa korido. Bibi Fotunata alikuwa mdogo wa umbo, amevalishwa gauni la hospitali juu ya soksi nene, na mkono wake umefumbatwa ndani ya mkono wa mumewe. Walikwenda polepole. Betram, mwanaume mpana wa miaka arobaini na kitu, aliinuka kutoka kwenye benchi na kuanza kuhesabu hatua za mama yake kwa macho. Mama Kizito na wenzake wakakaa sawa.

Osmunda alikuwa mezani kwake, nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, mlango wa chumba hicho ukiwa wazi kwenye korido. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

Dakika nne tu. Ingetosha mzee amfikishe mkewe mlangoni, amkabidhi, arudi. Skrini ingejua, yeye angejua, basi. Deni lake kwa Mwalimu Haule angekuwa amelilipa kwa mtu mwingine. Alifika hapo katika kuwaza, na pale pale, upande wa pili wa korido, akatokea dada mpya wa usafi, wiki yake ya kwanza, anasukuma ndoo ya chuma yenye magurudumu, ameinamisha kichwa anafuata unyevu wa sakafu. Mlango wa sumaku ulikuwa wazi ukimsubiri bibi. Taa ingekuwa imelala, yule dada angepita palepale, kwa kuwa hakuna kilichomwambia asipite.

Osmunda aliuona ule mtungi. Akauona ukiruka.

"Nisamehe, babu," alinong'ona, na akatoa kidole.

Wale wawili wakaingia ndani ya hatua tatu. Taa ikawaka bluu.

Yule dada wa usafi akainua macho, akasimama, akarudi nyuma na ndoo yake. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Lakini benchi nalo lilikuwa limeinua macho.

"Bluu," alisema Mama Kizito, na safari hii sauti yake haikuwa na mchezo. "Ya yupi kati yao?"

Kwa kuwa walikuwa wameshikana mikono, wamebanana, taa haikuweza kuonyesha. Skrini ya Osmunda iliweza: vivuli viwili, kimoja kirefu kimoja kifupi, na nukta ya bluu kifuani kwa kile kirefu. Betram alikuwa tayari ameshafika, uso umembadilika.

"Baba? Ni nini hiki?"

"Ni yangu," alisema Bibi Fotunata.

Wote wakamgeukia. Kwa miezi kadhaa bibi alikuwa akizungumza kwa maneno mawili mawili yasiyo na pa kwenda. Sasa alikuwa ameinua kidevu na kuitazama taa kama mwenye kiwanja anavyoitazama alama ya mpaka.

"Ni yangu hiyo. Wangoni hawana moyo, watawekewa kitu wapi?"

Benchi likacheka, halikujizuia, na hata Betram pumzi ikamshuka. Ya mama. Mama ni mgonjwa tayari, hapajaongezeka kitu. Akamgeukia Osmunda aliyekuwa ametoka kwenye chumba chake. "Dada, kweli ni ya mama?"

Ukweli ulikuwa kwenye skrini hatua mbili nyuma ya Osmunda, nao haukuwa wake wa kutoa. Uongo nao ulikuwa mwepesi, ungetoka kwa kuitikia kichwa tu. Alivuta pumzi.

"Kaka, taa haitaji jina, na mimi sitaji. Anayetaja ni mwenye mwili." Kisha akapiga goti mbele ya bibi, akamshika mkono ulio huru. "Bibi yangu, ukisema ni yako, mimi nakuamini. Lakini kanuni inasema ukishasema hivyo siwezi kukuingiza kwenye mashine leo. Mpaka ukapigwe picha ya mionzi kwanza, wamwite fundi wa moyo, wiki itapita. Na daktari anaondoka kesho." Maneno alimwambia bibi. Macho yalikuwa kwa babu.

Mzee Kastori alitazama kile kichwa kidogo chenye mvi kilichokuwa kikimtetea. Kilikuwa kimempa kila kitu miaka hamsini na mbili, na sasa kilikuwa tayari kumpa na kumbukumbu zake zilizobaki, bila kujua kinatoa nini. Au labda kikijua.

"Betram," alisema, "mama yako ananifichia. Ni yangu." Akafungua vifungo viwili.

Hakuna aliyecheka. Betram alilitazama kovu, akalitazama tena. "Ulisema umekwenda kwa baba mdogo."

"Nilipitia kwake pia. Sikudanganya yote."

"Baba, mimi ni mtoto wako."

"Ndiyo maana nilikuficha," alisema mzee. "Mngetugawana."

Mama Kizito, kwa mara ya kwanza tangu taa ifungwe, alikuwa anatazama sakafu.

*

Ilibaki shida ya mkono. Bibi Fotunata hakutaka kuuachia, na mzee hakuweza kuvuka kizingiti. Osmunda alibembeleza, Betram alibembeleza, na bibi akazidi kukaza vidole.

Mzee Kastori ndiye aliyejua dawa. Alimwinamia mkewe sikioni, lakini kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ndiyo nilivyoambiwa na wazee wangu. Mhehe akiona mlango uko wazi anakimbia. Sikuamini mpaka leo."

Bibi Fotunata aliuachia ule mkono kama sufuria ya moto. "Mkimbizi wewe. Mmetembea kutoka kusini kote huko mnakimbia, mmekuja kuchokea hapa kwetu." Na akaingia ndani kwa miguu yake, kichwa juu, Osmunda akimfuata mbio ili amlaze vizuri.

Mzee akapelekwa chumba cha mitambo, nyuma ya ukuta ambao sumaku haikuuvuka, akapewa kipaza sauti. Osmunda alimweleza: mashine ikipiga kelele, kimya, ikinyamaza, azungumze. Na asimchekeshe sana, maana akicheka picha itatikisika.

"Hapo umenipa kazi ngumu," alisema mzee.

Kwa hiyo kwa dakika ishirini na tano, kati ya mlio na mlio, Mngoni alimtukana Mhehe wake. Alimwambia ugali wake wa kwanza wa ndoa ulitumika kuzibia ufa wa ukuta. Alimwambia ng'ombe wa mahari walilia waliposhushwa kwao. Kutoka ndani ya lile bomba jeupe sauti ndogo ilijibu kila mara, wakati mwingine imesahau jina la kitu lakini haijasahau pa kuuma. Betram alisimama mlangoni akisikiliza. Alikuwa amekulia ndani ya kelele hizo na hakuwahi kuzisikiliza. Baadaye alitoka koridoni na simu yake, na Osmunda akamsikia akimwambia dada yake: "Dafrosa, sikiliza. Ule mgawo tuliofanya tuufute... Hapana. Wote wawili, nyumba moja. Mmoja wetu arudi huku, tutapangana. Kama ni mimi, nitakuwa mimi."

Osmunda alitazama picha zikijipanga kwenye skrini. Kusoma picha si kazi yake, na hakusema neno. Lakini pale katikati ya ubongo, maji yalikuwa mengi na meusi, yamejaa mahali ambapo yangeweza kutolewa. Alitamani kumwambia mtu.

Aliingia kumshusha bibi. Kipaza sauti cha ndani ya mashine alikuwa amekisahau kikiwa wazi.

"Bibi," alimuuliza akimsaidia kuketi, "ulijuaje kuhusu babu?"

Bibi Fotunata alimtazama kana kwamba swali lilikuwa la kitoto. Akaweka kiganja chini ya mfupa wa bega lake mwenyewe. "Nalala hapa," alisema. "Miaka yote. Kila usiku nakigusa, nasema kesho nitamuuliza." Akafikiri. "Asubuhi nasahau."

Nyuma ya kioo, Betram akiwa amerudi, baba na mwana walikuwa wamesimama bega kwa bega, hakuna aliyemtazama mwenzake.

*

Bibi alipokuwa anavalishwa, Osmunda alitoka koridoni akasimama mbele ya benchi. Miaka mitatu alikuwa ameuandikia uongozi wa hospitali barua: taa ipunguzwe ukubwa, rangi zibadilishwe, programu irekebishwe. Majibu yalikuwa bado yanafikiriwa.

"Inukeni," alisema. "Kaka Betram, nishikie upande huo."

Walilibeba mpaka nyuma ya kona, wakaliweka likitazama bustani ya mchicha ya hospitali.

"Sasa hapa tutaangalia nini?" aliuliza Mama Kizito, lakini kwa upole, na alikuwa wa kwanza kukaa.

"Mchicha, mama. Unakua."

Walipotoka wale wazee wawili, korido ilikuwa tupu. Walishikana mikono kama walivyokuja. Walipoingia ndani ya hatua tatu, taa ikawaka bluu tena, kubwa, kwenye kuta zote na nyuso zao. Bibi Fotunata akasimama. Alikuwa ameshasahau. Aliitazama ile rangi, akamtazama mumewe, akamtazama Osmunda kwa mashaka, na kidevu kikapanda.

"Ni yangu hiyo," alisema.

Safari hii mzee hakumtania.

"Ni yako," alisema. "Twende nyumbani."